Mia Sita

Juu ya duka la leso, Barabara ya Biashara,
chumba kimoja, feni iliyochoka, pazia la kijani.
Nyuma ya pazia meza, juu ya meza kikombe,
ndani ya kikombe dadu.
Unaingia peke yako. Unatikisa. Unachungulia.
Unatoka, unatamka nambari.
Sita ina shilingi mia.
Nyingine zote, ahsante na soda.

Hakuna kamera. Mbodze amekagua dari mara mbili,
maana watu huuliza, na huuliza kwa macho.

Wiki ya kwanza walikuja sitini:
makuli wa Marikiti, wanafunzi wa Tudor,
kinyozi wa Majengo aliyemwacha mteja na povu shavuni.
Dadu isiyo na hila, kwa watu sitini,
hutoa sita mara kumi, au karibu na hapo.
Sisi tuliletewa kumi na nne.

Mbodze akapiga kofi: "Wanne tumewanasa!"
Nikamwambia keti.
Kumi na nne huenda ni uongo,
huenda ni dadu imeamka vizuri.
Na hao wanne hawana nyuso. Huwezi kuteremka ngazi
ukamshika kuli mkono, ukasema ni wewe.

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga.
Ya kumtafuta hawakuisema.
Mimi nimeipima, usiku, kwa kalamu na kikokotoo,
umeme umekatika, jasho ladondokea karatasi:
ina urefu wa watu mia sita.
Kwa mia sita, bahati hutuama kama tope mtungini.
Wakija na mia na arobaini mahali pa mia,
hapo maji yamesema,
ingawa jina la mtu hayatalitaja kamwe.

Wale sitini nikawaweka kando. Walikuwa jaribio la jaribio.

Bwana Fumo wa uhasibu hakupendezwa.
"Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko," akasema,
"hanywi sufuria."
Kweli, Bwana Fumo, mchuzi ukikorogwa.
Mji huu nani ameukoroga?
Kizingo haijui Kisauni inalala saa ngapi.
Chumvi imekaa chini, mafuta yameelea,
na kijiko chako kifupi.
Akaidhinisha mia tatu na hamsini. Nikarudi.
Nikarudi tena.
Mara ya tatu akaandika mia sita, kalamu ikikwaruza.

Siku ya kumi na moja ndipo nilipojijua.
Watu mia mbili na kumi.
Sita arobaini na saba, palipotarajiwa thelathini na tano.
Hesabu imekaa nilivyoitaka, imejipamba, inanitazama.
Funga sasa, ikanong'ona nafsi. Nani atajua?
Kesho huenda zikapungua.
Nyuma ya pazia langu pia hapakuwa na kamera.

Kwenye droo mna bahasha niliyoitia gundi
kabla ya mtu wa kwanza kupanda ngazi.
Ndani, nambari moja kwa mwandiko wangu,
na sahihi ya Mbodze, shahidi.
Nikaigusa. Sikuifungua. Kilichomo nakijua.

Akaingia mama, viatu mkononi kwa ajili ya ngazi,
ncha za vidole zimetobolewa na sindano.
Jina sikuliuliza, ndiyo masharti.
Mshiriki wa mia mbili na kumi na moja.
Dadu ikalia mara moja tu, kisha kimya kirefu,
kirefu kuliko kinavyohitajika kusoma dadu.

"Moja," akasema alipotoka,
akacheka kama mtu aliyetaniwa na mtoto.
"Na hiyo mia ningeitaka, wallahi."
Soda hakuifungua. Aliitia mkobani, ya mjukuu.

Nikaandika: 1.

Mtu mmoja si ushahidi. Nimelifundisha hilo miaka tisa
na Jumatatu nitalifundisha tena.
Nikasikiliza visigino vyake vitupu vikishuka,
ngazi kwa ngazi, hadi vikamezwa na kelele za mtaa.

"Mbodze," nikaita, "mlete anayefuata."
Bado mia tatu na themanini na tisa.