Gongo la Ndahani Chidumizi

Hapa Dodoma ukisema baba yako alikuwa mtu wa gongo
watu wanakutazama kwa huruma, wanauliza habari za ini.
Nimechoka kueleza. Baba hakunywa hata togwa iliyolala.
Gongo lake lilikuwa la mti, limepinda ncha kama shingo ya korongo,
na mpira wake mdogo, mgumu, mweupe siku ya kwanza tu.

Alikuwa mshika taa wa reli, zamu ya usiku.
Jumamosi makarani wa Uhindini walicheza nyuma ya karakana.
Mmoja akavunjika kidole.
"Wewe mrefu, simama hapa."
Hakuna aliyemuuliza jina.

Gongo la kuazima alilirudisha kila magharibi.
La kwake alilichonga kwa mgunga,
akalipinda kwa moto na mafuta ya kondoo.
Bibi akadhani ni fimbo ya kuchungia:
"Hii imeharibika, katafute nyingine."

Walikwenda Tabora kwa treni ya mizigo.
Alifunga moja. Yeye alisema mawili,
ila golikipa wao alikufa akilikana la pili.
Goti likavimba kama boga.
Mpishi wa behewa la daraja la kwanza
akamtupia kipande cha barafu ndani ya gunia.
Hakuwahi kushika kitu kama kile.
"Kiliniunguza, kisha kikawa maji, kisha hakipo.
Nikajua ndiyo malipo."
Alfajiri akashuka akichechemea,
akapokea zamu, akainua taa.

(Malipo mengine: chai, mkate wa siagi,
na jezi ya kurudisha ikiwa imefuliwa.)

Picha ya timu ipo. Safu mbili, nywele zimechanwa, viatu vinang'aa.
Baba yuko pembeni, mpiga picha kamkata:
bega, nusu ya sikio,
na gongo zima.

Juzi, baada ya matanga, tumelikuta zizini
linazuia mlango wa ndama, mchwa wamelila upande mmoja.
Kaka akataka kulitia jikoni.
Nikalishika alivyonifundisha, mkono wa kushoto juu,
nikalipiga kokoto.
Likapita kati ya miguu ya ndama,
likavuka uchochoro, likagonga bati la jirani.

Kaka akasema, bahati.

Mawili, nikamwambia.
Alifunga mawili.