Mizani ya Kitangari

Waliokuja kabla yake walitusalimu,
wakahesabu magunia kwa macho,
wakasema korosho ni dhahabu ya kijani,
wakanawa mikono, pilau ikaletwa.

Diwani Nandonde alivua viatu.
Akapanda mizani: kilo sitini na nane.
Akashuka, akaenda zahanati kwa mguu,
akarudi na karatasi ya nesi: sabini na moja.

"Karani, kilo zangu tatu kala nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Akataka kujua gunia tupu lina uzito gani,
unyevu unapimwaje, kwa nini asubuhi na si adhuhuri,
salfa ya mkopo inakatwa mara ngapi,
na hii "nyinginezo" kwenye stakabadhi ni mdudu gani.
Penseli ikaisha ncha, akaichonga kwa meno.
Mwenyekiti wa chama akatazama saa:
mheshimiwa, haya ni mambo ya kitaalamu.
"Basi nifundisheni. Nina siku nzima."

Wanasema kiongozi ni sauti, ni kimo,
ni kuwa na majibu kabla ya kushuka garini.
Sijui. Mimi ni mtu wa kuandika namba.
Ila jibu nililikalia miaka kumi na moja,
kama kuku aliyekalia yai viza,
na hakuna aliyewahi kuniinua.

Nikapiga magoti kwenye vumbi la maganda,
nikachomoa kipande cha mbao chini ya sahani.
"Panda tena, mama."

Akapanda. Sindano haijatulia,
tayari alikuwa na swali jingine.