Kwa Bei ya Mawese

Daftari la Kemia limebaki na upande mmoja mtupu,
nyuma ya mlinganyo nilioukosea Mei.
Hapo ndipo ninapoandika vyuo.

Jana vilikuwa kumi na kimoja.
Nilivipanga kama wanafunzi mstarini,
vya Dar mbele, virefu, vimechomekea.
Mama akapita na dumu kichwani.
Hakusoma majina, alihesabu mistari.
"Kimoja unakiomba kwa shilingi ngapi?"
"Elfu kumi."
Lita tatu, kwa bei ya leo hapa Mwandiga.
Akainama kupuliza moto chini ya pipa la chikichi,
moshi ukamjibu kwanza, kisha yeye:
"Basi hapo umeandika shamba zima."

Nikaanza kukata.

Udaktari niliukata mwisho, ingawa ulistahili kuanza.
CBG haina Fizikia. Nililijua hilo tangu kidato cha tano,
nililijua kama mtu anavyojua paa linavuja
na bado akaweka kitanda palepale.
Nina pointi kumi na moja: C ya Biolojia,
D mbili zimeishika huku na huku isianguke.
Mwalimu Gwasa aliziita alama za kazi,
hazipigiwi vigelegele, lakini hazikosi mlango.

Kile chenye lango la marumaru nilikikata kwa sababu ya Ntakije.
Tulimsindikiza stesheni mtaa mzima, na kuku juu,
akasomee kozi ndefu jina lake,
ada ndefu kuliko jina.
Mkopo haukutoka.
Januari treni ilimrudisha na begi lilelile,
shuka bado ndani ya nailoni ya dukani.
Siku hizi anachajia watu simu sokoni.
Ukimuuliza habari za chuo
anakuuliza yako imebaki asilimia ngapi.

Kwa Bukuru, steshenari, nililipia saa moja ya intaneti
nikasoma mwongozo wa udahili hadi macho yakawasha.
Picha za majengo nilizipita.
Nilitafuta safu mbili:
wanachotaka niwe nacho, wanachotaka nitoe.
Ya tatu nimeichora mwenyewe kwa rula:
nauli, godoro, bima, wali maharage mara siku thelathini,
na Mama akiugua nani atakamua.

Vimebaki vitatu.

Cha Morogoro, misitu. Hicho ni cha kuruka;
waliochukuliwa mwaka jana wamenitangulia kidogo tu,
visogo vyao naviona.
Cha Dodoma, ualimu wa sayansi. Tunalingana,
kama viatu vya dada Evodia
vilivyonikaa nilipovaa soksi mbili.
Cha tatu kiko Tabora, stashahada, treni ya usiku mmoja;
hao watanipokea hata nikijaza fomu kwa mkono wa kushoto.
Mbele ya wenzangu sikitaji.
Lakini hicho nimekiandika kwa wino,
vile viwili kwa penseli.

Fomu ya mkopo inauliza wazazi.
Penye baba inataka namba ya cheti cha kifo, kilichohakikiwa.
Mama akakitoa chini ya kanga zake,
ndani ya bahasha ya eksirei ile ya mwisho,
akakinyoosha juu ya goti.
Miaka sita hakijatumwa popote.
"Haya," akasema, hakuniambia mimi,
"na wewe mlipie mwanao."
Kisha akauliza kama kutoa kopi ni mia mbili au mia tatu.

Kesho alfajiri tunashusha lita tisa sokoni.
Bei ikianguka itabidi nirudi kwenye daftari,
na najua tayari nikate mstari upi.

Au sijui.
Penseli ya Morogoro nimeikandamiza mno,
imetokeza upande wa pili, vinundu vya herufi
juu ya mlinganyo ule wa Mei,
ambao leo, wala sikuwa nautafuta,
nimeona nilipoukosea.