Chumba cha Pasi, Sohar

Saa kumi kasoro, muadhini hajakohoa bado kwenye kipaza sauti,
nafunga mlango wa chumba cha pasi.
Mashine ya kufulia inanguruma; ndani ya ngurumo yake
naificha sauti yangu.

Mwaka wa kwanza nilikuja na orodha:
mshahara wa miezi miwili,
ada ya Mwende, paa la mama, paspoti yangu
iliyolala kabatini mwa watu.
Nilimsomea Mungu yote, kama risiti ya duka.

Sasa orodha imechakaa. Nasema, "Baba,"
nanyamaza.
Bomba la kiyoyozi ladondokea ndooni,
tone,
nangoja tone jingine.

Sitadanganya: kuna alfajiri sisali.
Nalaza paji juu ya kanzu zenye joto la pasi,
usingizi unanibeba na jina Lake mdomoni.

Jana niliamka hivyo, mshono umenichora kwenye paji.
Bi Thuraya, mwenye sijda ya miaka sitini,
alinitazama nikimimina kahawa.
Akagusa paji lake.
Akagusa langu.
"Tende zimekwisha," akasema.