Asilimia Kumi na Moja

Mihayo, kwa Kinyamwezi, ni maneno.
Lakini huyu Mihayo wa kitanda cha nne
hajatoa hata moja tangu jana jioni
waliposhuka na baba yake kutoka Sikonge.
Ana miaka sita na ngiri inayovimba akilia,
kwa hiyo ameamua kutolia.
Amekaza taya. Vidole vimeng'ang'ania chuma cha kitanda
kama kupe.

Nimemwambia haitauma. Hakuniamini,
na kusema kweli hata mimi sikujiamini.
Hajala tangu usiku, gauni la kijani
lilishonwa kwa ajili ya mtu mzima,
na kule koridoni magurudumu yanakuja.

Nikatoa simu yangu. Kioo kina ufa
kona hadi kona; chaji, asilimia kumi na moja.
Mchezo ni wa binti yangu: nyuki wa katuni
anaruka ua hadi ua, ukigusa anapanda.
Nikamwekea kiganjani.

Nyuki akaanguka. Akaanguka tena.
Mara ya tatu akapita maua saba,
na kitanda kilikuwa kimeshaanza kutembea,
taa za dari zikimpita usoni moja moja
naye hazioni.
Ujumbe ukashuka juu ya nyuki:
"Mpendwa mteja, deni lako limepita muda."
Akausukuma pembeni kama nzi.
Laiti nami ningeweza.

Ndipo, kwenye mstari mwekundu
ambapo baba huachwa na kandambili zake,
Mihayo akafungua kinywa:
"Nyuki huyu mwongo. Mzinga wake uko wapi?
Na nani amefukiza moshi?"
Yakamwagika, ya malkia, ya miyombo, ya kamba iliyokatika,
mpaka Kasele, mtaalamu wetu wa usingizi,
akauliza asali ya mwezi gani ndiyo tamu
huku akisogeza barakoa.
"Ya mwezi wa…"

Kidole kikagusa kioo mara mbili zaidi
mwenyewe akiwa ameshalala.

Nje, baba amesimama.
Mkono usiotikisika ndani ya mzinga
leo umeshindwa kufunga kifungo cha shati.
Sikuwa na la kumwambia. Nikampa simu.
"Nifanyeje?"
"Gusa tu."

Na kila nikitoka kufuata bandeji
namkuta kwenye benchi, ameinama,
nyuki anaanguka, anamwinua,
asilimia nne,
asilimia tatu.