Herufi Tatu

Jumanne, mvua ikipigwa ubavuni na upepo,
tulipanda basi kwenda Stornoway kumwandikisha:
mimi, binti yangu Mòrag, na huyo wa siku kumi na moja,
amefungwa shali kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Mimi naitwa Angusina.
Baba alingoja mwana, akaja kunipata mimi.
Jina la babake, Angus, alikuwa ameshaliweka tayari
kama kiti cha mgeni;
akalishonea mkia, lisinipwaye.
Ndivyo desturi ya kisiwa chetu.
Murdo hakujaliwa kijana: yuko Murdina.
Kenneth hakurudi vitani: yuko Kennethina, mpwa wake,
alizaliwa wiki ile ile ya simu ya maandishi.
Darasani tulikuwa saba wenye mikia.
Mwalimu akiita majina ungedhani anaswaga kondoo:
ina, ina, ina.

Sikulalamika. Jina ni shati la kurithi,
unakunja mikono, unafanya kazi.
Nimechimba mboji ya kuwashia moto hadi mgongo ukanigomea,
nimezaa, nimezika.
Mara moja tu, hospitali ya Glasgow, muuguzi kijana
alisoma faili akauliza, "Angusina,
hii unameza kabla ya chakula au baada?"
Nilicheka hadi mshono ukaniuma.
Usiku sikucheka.

Na Baba alinipenda, nisimsingizie.
Alinikalisha kwenye kitanda cha mfumi, bandani,
miguu yangu haijafika kwenye kanyagio,
akanionyesha nyuzi zinazobaki pembeni mwa kitambaa.
"Hizi hazishiki kitu," alisema. "Hizi hukatwa."

Mle ndani ya basi Mòrag alinong'ona,
"Angus. Basi. Halina nyongeza."
Nikamwambia unamtwika mtoto mzigo,
watoto wa shule wana meno.
"Mzigo ni ule mkia, Mama.
Mkia unasema: tuwieni radhi,
tulikuwa tukimngoja mwingine."

Sikuwa na jibu. Niliyafuta maji kwenye kioo
ingawa yalikuwa upande wa nje.

Mwandikishaji alivaa miwani yenye mnyororo.
"Mvulana?"
"Msichana."
Kalamu ikasimama juu ya karatasi
kama ndege asiyeona pa kutua.
"Umesahau herufi tatu, mpenzi."
"Sikuzisahau."
Akanigeukia mimi,
kana kwamba funguo za herufi hizo
ninatembea nazo mkobani.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na wazee wote nyuma yangu.
Nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Andika alivyosema mamake,"
halafu, sijui kwa nini,
"Na kulikata la mtu mzima ni shilingi ngapi?"

Alinitajia bei. Haikuwa kubwa.
Nilifungua pochi, nikaifunga.
Miaka sabini na minne nimetembea nao;
ukiukata leo, nitapepesuka.

Peigi wa jirani alilisikia jina kwa simu,
akaanza kufuma sweta la buluu.
Alipopata habari kamili mikono ilikuwa imekwisha;
alisema sufu ni sufu.
Mume wangu Calum hakuinua macho gazetini:
"Kwa hiyo ni mvulana?"
Nitamweleza tena kesho.

Lakini hayo yalikuwa bado. Tulikuwa basini, tunarudi,
na mtoto akaachia kilio
kilichozidi mngurumo wa injini.
Kilio hakikuwa cha kike wala cha kiume,
kilikuwa cha njaa.
Dereva akauliza kupitia kioo, "Nani huyo?"
"Angus," akasema Mòrag.
"Ana mapafu, bwana mkubwa huyo!"

Mòrag alikwisha choka; alimwacha dereva na lake.
Mimi ndimi niliyesimama,
mkono mmoja umeshika chuma,
nikasema kwa sauti iliyonishtua mwenyewe:
"Msichana. Angus ni msichana."

Basi zima liligeuka,
hata mbwa wa mchungaji aliyelala kwenye ujia.
Wakatutazama kitambo.
Kisha wakarudi kuitazama mvua.