Kwenye Mabano

Kazi yangu ni kuandika kila neno, basi.
Mwenyekiti akikohoa, siandiki.
Wakicheka wengi naweka kwenye mabano: kicheko.
Akicheka mmoja, hilo si langu.

Lansing, Februari. Theluji imekuwa tope la kijivu
kwenye viatu vya mrengo huu na vya mrengo ule.
Zulia halibagui.

Shahidi wa leo ni Bi Darlene Hoekwater,
karani wa uchaguzi wa kaunti yenye ng'ombe wengi kuliko wapiga kura.
Amevaa sweta ya kijani. Amekuja na funguo
ingawa hakuna aliyemwambia alete funguo.

Kabla hajaulizwa jina
wamebishana dakika arobaini kama kamati hii ipo.
Mheshimiwa Strickler anasema haipo, ni maigizo matupu.
Anayasema hayo akiwa ameketi ndani yake,
na glasi yake ya maji imejazwa mara mbili
na kamati isiyokuwepo.
Mheshimiwa Pruitt anasema ipo, na tena ina meno,
halafu anaigeukia kamera, si shahidi,
kuyaonyesha.

*

Walikuja saa tano usiku, anasema Bi Darlene.
Wanaume wanne. Mmoja nilimfundisha Shule ya Jumapili.
Walikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa,
jina langu chini, juu yake mstari mtupu.
Kilichokosekana ni wino wangu.

Walivamia?
Hapana, walibisha.
Kwa hiyo walikuja kistaarabu!
Walibisha hadi saa nane.

Kwetu hodi ni tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka.
Na kwetu kubisha mlango na kubisha hoja
ni kitenzi kimoja,
jambo ambalo sikuwahi kulitafakari
mpaka nilipokaa katikati ya vyama viwili
nikisikia mlango uleule ukigongwa upya
kwa ndimi.

*

Lakini hakuna kilichopinduliwa, anasema Strickler.
Matokeo yalibaki vilevile. Sasa tunachunguza nini?

Vidole vyangu vinachapa lugha yao,
kichwa kinanyambua yangu:
gari limepinduka, huenda ni utelezi;
gari limepinduliwa, kuna mikono.
Gari limesimama palepale alfajiri
na viganja vinne vimechorwa kwenye umande wa ubavu wake:
hilo nalitafutia kiambishi, sikioni.

Muda wa mheshimiwa umekwisha.
Mheshimiwa anaomba arudishiwe muda wake.
Dakika tano za hawa, dakika tano za wale,
kama nyama ya harusi, kwa mizani,
ili asitokee wa kusema familia ya bibi arusi imekula zaidi.
Mimi nahesabu maneno, ni mazoea ya kazi.
Leo elfu kumi na moja na ushei.
Ya Bi Darlene ni mia nne na kumi na mawili,
na kati ya hayo, thelathini ni "samahani".

Hatimaye mmoja anauliza, kama mtu anayetafuta kofia yake:
Hizo funguo ni za nini?

Za chumba cha kura.
Usiku ule nilizificha ndani ya kopo la unga.
Kufuli zilishabadilishwa zote. Hizi hazifungui kitu.

Halafu akanyamaza.
Hata Pruitt hakuitazama kamera.

*

Wakati wa mapumziko alinijia kwenye meza yangu.
Pale niliponyamaza, umeandikaje?
Nikamwonyesha. Kwenye mabano: ukimya.
Akalitazama neno lile, dogo mno.
Haliandikwi lilikuwa refu kiasi gani?
Nikamwambia, haliandikwi, mama.

Sasa ni usiku, niko nyumbani, nasahihisha ukurasa wa mia mbili na sita,
na kuna mtu anabisha mlango.
Bila shaka ni jirani, amekuja kuazima sepetu ya theluji.
Mara tatu. Kisha ya nne.

Nimesimama nyuma ya mlango na soksi zangu,
kalamu mkononi,
(